Aya Zilizoachwa: Uhakiki wa Tafsiri ya Lemaître ya Mwaka 1931 na Funzo Lake kwa Kiswahili cha Sayansi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki tafsiri ya Kiingereza ya makala ya Georges Lemaître kuhusu ulimwengu unaotanuka. Matini chanzi, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ilichapishwa mwaka 1927. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1931 bila aya zilizounganisha hesabu na vipimo vya anga. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Skopos pamoja na kanuni ya uaminifu, makala yanaonesha kwamba udondoshaji huo uliwaachia wasomaji jawabu la mlinganyo lisilo na ushahidi wake. Yanaonesha pia kwamba kosa la namna hiyo linaweza kurudiwa katika Kiswahili iwapo matini na istilahi za sayansi zitachotwa kutoka lugha moja tu ya kigeni. Mapendekezo yanatolewa kwa vyombo vya ukuzaji wa Kiswahili katika ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Mwezi Machi 1931, jarida la Monthly Notices la Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia, London, lilichapisha makala yenye jina refu. Kwa Kiswahili jina hilo lingekuwa: ulimwengu ulio sawa kila mahali, wenye tungamo isiyobadilika na nusukipenyo inayokua, unaoeleza sababu ya kasi ya nebula za nje ya galaksi yetu. Ilielezwa kwamba hiyo ilikuwa tafsiri ya makala iliyokwisha kutoka katika jarida la chama cha kisayansi cha Brussels. Jina la mfasiri halikutajwa. Halikutajwa pia jambo zito zaidi: kwamba sehemu ya makala haikutafsiriwa.

Mwandishi wake, Georges Lemaître, alikuwa padri Mkatoliki na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Historia ya makala yake imejadiliwa sana na wanafizikia na wanahistoria wa sayansi, hususani tangu mwaka 2011. Mjadala huo umejikita katika swali la nani alistahili sifa ya ugunduzi. Swali la taaluma ya tafsiri limebaki pembeni: matini ya kisayansi inapodondoshewa ushahidi wake, kinachobaki mikononi mwa msomaji ni nini? Swali hilo linakihusu Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya maarifa ya fizikia ya leo itaingia katika lugha hii kwa mlango wa tafsiri.

2.0 Jawabu la Mlinganyo na Habari za Ulimwengu

Tarehe 25 Novemba 1915, Albert Einstein aliwasilisha milinganyo ya uhusianifu wa jumla mbele ya Akademia ya Sayansi ya Prussia, Berlin. Milinganyo hiyo hufungamanisha vitu viwili: upande mmoja kuna maada na nishati, upande wa pili kuna mpindo wa anga na wakati. Haisemi ulimwengu huu ukoje. Hueleza masharti ambayo ulimwengu wowote unapaswa kuyatimiza. Anayetaka kupata jawabu hulazimika kuongeza dhana zake mwenyewe, kwa mfano kwamba maada imetawanyika kwa usawa kila mahali, au kwamba kuna nyota moja tu katikati ya utupu.

Kwa sababu hiyo majawabu ni mengi. Karl Schwarzschild, akiwa katika utumishi wa jeshi la Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipata jawabu la tungamo moja ya mviringo iliyo peke yake. Lilichapishwa mwaka 1916, mwaka aliofariki. Mwaka 1917 Einstein alitoa jawabu la ulimwengu uliotulia, usiokua wala kupungua, na ili utulie aliongeza katika milinganyo yake kipengele kinachoitwa namba thabiti ya kosmolojia. Mwaka huohuo Willem de Sitter wa Uholanzi alitoa jawabu jingine, la ulimwengu usio na maada kabisa. Mwaka 1922 Alexander Friedmann wa Urusi alionesha kwamba milinganyo ileile inaruhusu ulimwengu unaobadilika kadiri wakati unavyopita. Einstein alidhani hesabu za Friedmann zina kosa, akachapisha maoni hayo. Mwaka uliofuata akakiri kwa maandishi kwamba aliyekosea ni yeye. Na mwaka 1949 Kurt Gödel alitoa jawabu la ulimwengu unaozunguka, ambamo kuna njia zinazoweza kumrudisha msafiri katika wakati uliopita. Hesabu zake ni sahihi. Hata hivyo, hakuna ushahidi kwamba ulimwengu huu uko hivyo.

Hapo ndipo msamiati wa Kiswahili unapohitaji kupimwa. Maneno matatu hushindana katika maandishi ya hisabati: suluhisho, ufumbuzi na jawabu. Suluhisho limetokana na suluhu, yaani amani baada ya ugomvi. Msomaji anayeambiwa kwamba Friedmann alipata suluhisho ana haki ya kudhani kwamba mzozo ulikwisha, ilhali ndio kwanza ulikuwa unaanza. Ufumbuzi hutokana na kufumbua kilichofumbwa, na hubeba taswira ya kitendawili. Katika kitendawili, mtegaji analo jibu moja mfukoni, na aliyeshindwa hutoa mji ili aambiwe. Milinganyo ya Einstein haina jibu moja lililofichwa, na hakuna wa kupewa mji.

Jawabu lina nafuu zaidi, kwa sababu hudai swali. Anayesikia neno jawabu huweza kuuliza: ni jawabu la swali gani, na muulizaji alikubali masharti gani kabla ya kuuliza? Udhaifu wake ni kwamba darasani jawabu huwa ama sahihi ama kosa, na mwanafunzi aliyezoea hivyo atashangaa kuambiwa kwamba jawabu la Einstein la mwaka 1917 na lile la Friedmann yote mawili ni sahihi kihisabati ingawa yanapingana. Udhaifu huo unatibika iwapo mwandishi atatumia neno hilo kwa wingi, yaani majawabu, na kulitaja kila moja pamoja na masharti yake. Makala haya yanatumia neno jawabu kwa maana hiyo: ulimwengu unaoruhusiwa na milinganyo. Kama ndio ulimwengu uliopo, huo ni uamuzi wa vipimo.

3.0 Matini Chanzi na Tafsiri Yake

Mnamo miaka ya 1920 wataalamu walikuwa na majawabu mawili makuu mezani. La Einstein lilikuwa na maada lakini halikuwa na mwendo. La de Sitter lilikuwa na mwendo lakini halikuwa na maada. Lemaître, ambaye hakuwa na habari za kazi ya Friedmann, alitafuta jawabu lililo kati ya hayo mawili, akapata ulimwengu wenye maada ambao nusukipenyo yake inakua.

Kilichoitofautisha kazi yake na ya Friedmann hakikuwa hesabu. Friedmann aliacha majawabu yake katika uwanja wa hisabati. Lemaître aliyapeleka kwenye darubini. Alichukua kasi za nebula 42 kutoka kwa waliozipima, akakadiria umbali wake kwa njia iliyotokana na kazi ya Edwin Hubble, kisha akagawanya kasi kwa umbali. Alipata kilomita 625 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, yaani kwa kila umbali wa takribani miaka ya mwanga milioni 3.26. Vipimo vya leo hutoa kiwango cha karibu 70. Tofauti hiyo kubwa imetokana hasa na makadirio ya umbali ya wakati ule, ambayo yalikuwa mafupi mno. Kiwango alichokipata hakikuwa sahihi, lakini hoja yake ilikuwa mpya: kasi zilizokwisha kupimwa zinaweza kuelezwa kuwa ni matokeo ya kutanuka kwa ulimwengu wenyewe.

Jina la makala yake linadhihirisha kwamba alizikusudia nguzo zote mbili. Nusu ya kwanza inataja jawabu: tungamo isiyobadilika, nusukipenyo inayokua. Nusu ya pili inataja vipimo: kasi ya nebula. Tafsiri ya mwaka 1931 ililihifadhi jina lote. Ndani ya matini, hata hivyo, aya zilizoeleza jinsi kiwango kile kilivyopatikana hazimo, pamoja na tanbihi zilizojadili udhaifu wa data. Mahali pake pamewekwa kauli fupi kwamba, kutokana na mjadala wa data zilizopo, kiwango fulani kinakubaliwa. Namba yenyewe imesalia, ikiwa imeandikwa kwa kipimo cha sentimita ambacho wanaastronomia wachache wangekitambua kwa haraka. Namba 625 haipo.

Kwa hiyo si sahihi kusema, kama inavyosemwa mara nyingine, kwamba tafsiri ilificha matokeo. Iliyaacha matokeo na kuondoa njia iliyoyafikia. Msomaji wa Kifaransa aliweza kukagua: nebula ngapi, umbali ulikadiriwaje, shaka iko wapi. Msomaji wa Kiingereza alipewa namba ya kuamini tu.

Athari yake iliongezwa na yaliyotokea katikati. Mwaka 1929 Hubble alichapisha makala yake kuhusu uhusiano wa kasi na umbali, akiwa na vipimo bora zaidi, na kiwango chake kilikuwa takribani 500. Tafsiri ilipotoka miaka miwili baadaye bila aya zile, ilionekana kama nadharia iliyokuja kueleza ugunduzi wa mwingine. Kanuni ile ikajulikana kwa jina la Hubble peke yake hadi mwaka 2018, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipopitisha azimio la kupendekeza iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître.

4.0 Nani Aliyefuta?

Kwa muda palikuwa na shaka kwamba mhariri, au mtu mwingine mwenye masilahi, alizifuta aya hizo. Mwaka 2011 mwanaastronomia Mario Livio alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wake wa nyaraka. Barua ya Lemaître kwa mhariri, ya Machi 1931, ilionesha kwamba mfasiri alikuwa Lemaître mwenyewe, na kwamba ndiye aliyeamua kuziacha. Alieleza kwamba mjadala wake wa awali kuhusu kasi za nebula haukuwa tena na umuhimu.

Neno alilolitumia linastahili kutazamwa. Aliandika kwamba mjadala ule haukuwa na umuhimu aliouita, kwa Kiingereza, “actual”. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya “halisi”. Kwa Kifaransa, lugha ya mwandishi, “actuel” ni “wa sasa”. Inaelekea kwamba alikusudia kusema mjadala ulikuwa umepitwa na wakati, kwa kuwa Hubble alikuwa na vipimo bora. Akisomwa kwa Kiingereza pekee, anaonekana kusema kwamba mjadala ule haukuwa na thamani yoyote. Hata barua inayoeleza udondoshaji inahitaji msomaji mwenye lugha mbili.

Je, udondoshaji huo unaweza kutetewa? Kwa mujibu wa Nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Hans Vermeer, tafsiri huongozwa na lengo lake katika utamaduni lengwa. Lengo la Lemaître mwaka 1931 lilikuwa kuwapa wanakosmolojia wenzake jawabu la kihisabati ambalo hawakulisoma lilipotoka mara ya kwanza. Kwa lengo hilo, data kuukuu ilikuwa mzigo. Aidha, mwandishi anayejitafsiri ana uhuru ambao mfasiri wa kawaida hana.

Utetezi huo unafika mahali unaishia. Christiane Nord aliiongezea nadharia hiyo kanuni ya uaminifu: mfasiri anawajibika kwa mwandishi, na pia kwa msomaji anayeamini kwamba anachokisoma ni tafsiri. Matini ya mwaka 1931 ilitolewa kwa jina la tafsiri, ilhali ilikuwa toleo lililofupishwa na kuhaririwa upya. Lemaître alikuwa na haki ya kupunguza. Kosa lilikuwa kutotangaza kilichopunguzwa. Sentensi moja chini ya jina la makala ingetosha. Kukosekana kwa sentensi hiyo kulizua mjadala wa miongo kadhaa, tuhuma dhidi ya watu wasio na hatia, na historia ya sayansi iliyofundishwa kwa upungufu.

5.0 Kutoka Jawabu hadi Jina: Suala la “Mlipuko Mkuu”

Kiswahili kimeipokea kazi ya Lemaître hasa kupitia istilahi moja, “Mlipuko Mkuu”. Istilahi hiyo inaonesha udondoshaji wa aina nyingine: jina limefika, masharti yake hayakufika.

Jawabu la mwaka 1927 halikuwa na mlipuko wowote. Halikuwa hata na mwanzo: ulimwengu wake ulianza kukua taratibu kutoka katika hali ya utulivu ya Einstein, hali isiyo na tarehe. Wazo la mwanzo, ambalo Lemaître alilifananisha na atomu moja ya awali, alilitoa mwaka 1931 katika maandishi mengine. Jina lenyewe halikutoka kwake. Lilitamkwa na Fred Hoyle, mpinzani wa nadharia hiyo, katika matangazo ya redio ya BBC mwezi Machi 1949. Mwaka 1993 jarida la Sky & Telescope la Marekani liliitisha shindano la kutafuta jina bora zaidi; mapendekezo zaidi ya 13,000 yalipokelewa, na waamuzi hawakuona hata moja linalofaa kuchukua nafasi yake.

Waliolitafsiri jina hilo kwa Kiswahili walifanya kazi yao kwa usahihi wa kileksika. Tatizo ni kwamba walitafsiri jina la utani. Katika Kiswahili, kinacholipuka ni bomu, volkano, mtungi wa gesi, au ugonjwa kama kipindupindu. Kila mlipuko una mahali na saa, na una nje yake ambako vipande au madhara huenea. Ndiyo maana swali la kwanza la mwanafunzi huwa: mlipuko ulitokea wapi? Katika majawabu ya Friedmann na Lemaître swali hilo halina nafasi. Hakuna kitovu, na hakuna nje. Umbali baina ya galaksi zilizo mbalimbali unaongezeka kila mahali, na mtazamaji wa galaksi yoyote ataona nyingine zikijitenga naye.

Kitenzi cha kueleza hayo Kiswahili kinacho: kutanuka. Shuka hutanuka, mpira hutanuka, na msikilizaji haulizi vipande vilienda wapi. Kuumuka nako, kama unga wa maandazi unavyoumuka, huonesha kuongezeka kunakotokea ndani ya kitu chote kwa pamoja, ingawa donge la unga, tofauti na ulimwengu wa majawabu hayo, lina ukingo. Pendekezo si kuliondoa jina la “Mlipuko Mkuu”, ambalo limekwisha kuenea. Ni kwamba fasili yake katika kamusi na vitabu vya kiada ijengwe juu ya kitenzi kutanuka, na iseme wazi kwamba jina halieleza kitu kilicholipuka mahali fulani.

Yapo mazingira ambamo Kiswahili kinaeleza dhana hizi kwa usahihi bila kuazima taswira. Jawabu la Schwarzschild la mwaka 1916 lilitangulia jina la shimo jeusi kwa takribani nusu karne; jina hilo lilianza kutumika katika miaka ya 1960. Mpaka wa shimo hilo, ambao mwanga ukishauvuka hauwezi kurudi, huitwa upeo wa matukio. Neno upeo tayari lina maana ya mwisho wa kinachofikiwa, na msemo upeo wa macho humweleza msikilizaji kwamba mpaka huo unahusu kinachoweza kuonekana, wala si ukuta uliojengwa. Hapo istilahi inafanya sehemu ya kazi ya mwalimu.

6.0 Mlango wa Kiswahili

Mfasiri wa Kiswahili akitaka leo kuitafsiri makala ya Lemaître, ataanzia wapi? Mazoea yaliyojengeka Tanzania na Kenya yatamwelekeza kwenye Kiingereza. Akichukua toleo la mwaka 1931 atatafsiri kwa uaminifu matini iliyopungukiwa, na upungufu utaingia katika Kiswahili ukiwa umefichika zaidi kwa hatua moja. Ni kweli kwamba tafsiri kamili ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 2013 katika jarida la General Relativity and Gravitation. Lakini anayeifahamu tafsiri hiyo ni yule aliyekwisha kujua kwamba ya kwanza ina kasoro.

Ukanda huu una rasilimali ambayo sera za istilahi hazijaitumia ipasavyo. Wasomi wa Bujumbura, Lubumbashi, Bukavu na Goma hukitumia Kifaransa katika masomo ya juu na Kiswahili katika maisha ya kila siku. Kwao matini chanzi ya mwaka 1927 iko wazi bila mkalimani. Mara nyingi Kiswahili chao hutajwa katika mijadala ya usanifishaji kama suala la lahaja na tofauti za matamshi. Kisa cha Lemaître kinaonesha kwamba wanaweza kuwa wakaguzi wa matini chanzi ambao wenzao wa upande wa Kiingereza hawana.

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanatolewa kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, na washauri wa sera ya lugha katika elimu.

Kwanza, kila tafsiri ya kisayansi inayogharimiwa na fedha za umma itaje jina la mfasiri, toleo alilolitafsiri, na sehemu alizoziacha au kuzifupisha, pamoja na sababu.

Pili, matini muhimu zilizoandikwa awali kwa lugha isiyokuwa Kiingereza zikaguliwe dhidi ya matini chanzi kabla ya kuchapishwa. Kwa Kifaransa, kazi hiyo ipewe wataalamu wa Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Tatu, vidahizo vya kosmolojia katika kamusi za kitaaluma vitenganishe ngazi tatu: mlinganyo, jawabu pamoja na masharti yake, na kilichothibitishwa kwa vipimo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilithibitisha kwamba kazi ya namna hiyo inawezekana. Fizikia ya ulimwengu inastahili hatua inayofuata.

Nne, majopo ya istilahi yawe na mwanafizikia anayeweza kueleza dhana kutoka kwenye milinganyo, ili mwanaisimu asilazimike kutafsiri jina la utani.

Mapendekezo haya yana gharama. Ukaguzi wa matini chanzi huchelewesha uchapishaji, na wataalamu wenye lugha tatu na fizikia ni wachache. Kwa vitabu vya shule za msingi huenda gharama hiyo isiwe na tija. Kwa matini za elimu ya juu, ambako mwanafunzi anatarajiwa kukagua hoja, kuikwepa ni kumnyima nyenzo za ukaguzi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba tafsiri ya mwaka 1931 haikupotosha hesabu za Lemaître. Ilitenganisha jawabu na ushahidi wake bila kumjulisha msomaji. Imeonekana pia kwamba Kiswahili kinakabiliwa na hatari hiyohiyo kwa njia mbili: matini zinazopitia lugha ya kati, na istilahi zinazotafsiri majina badala ya dhana. Hatua ya kuanzia iko karibu. Makala ya mwaka 1927 ni fupi, na inaweza kutafsiriwa yote, pamoja na nebula zake 42, namba 625 na tanbihi zinazokiri udhaifu wa data, na jopo dogo la mfasiri kutoka upande wa Kifaransa, mhariri kutoka upande wa Kiingereza na mwanafizikia mmoja. Jopo hilo litakapokaa, suala la kwanza kwenye ajenda yake litakuwa iwapo neno la kutumia ni suluhisho, ufumbuzi au jawabu.